Kepler alimtetea mamake. Mimi nilimweka nyanya yangu TikTok.

Najua mmezoea niwaletee stori za historia na vichekesho viwili vitatu katikati. Leo vichekesho ni haba. Hii nimeiandika badala ya kurekodi, kwa sababu kila nikiwasha kamera sauti inanikwama.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi jioni, grupu ya familia yetu ya WhatsApp ilianza kulia. Kama unajua familia za Wakisii ambao ni Wasabato, unajua Jumamosi grupu huwa kimya mpaka jua litue, halafu ndio mambo yanamwagika. Binamu yangu mmoja aliye nyumbani, upande wa Nyamira, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ndama wa baba mdogo amekufa. Mtoto wa jirani ameshikwa na degedege. Na kuna mtu mzima fulani anaonekana usiku akitembea na moto. Hakutaja jina. Alisema tu kwamba sote tunamjua, na kwamba ushahidi uko.

Halafu akatuma ushahidi. Ilikuwa video yangu.

Wacha nieleze. Disemba nilienda ushago kama kila mtu. Usiku mmoja, karibu saa nane, nikasikia mlango. Kucheki dirishani, ni magokoro. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Ekegusii. Alikuwa amevaa lile koti lake la kijani, ana koroboi mkononi, anazunguka migombani akiongea peke yake. Badala ya kutoka nimshike mkono, nilitoa simu. Nikarekodi sekunde kumi na tisa. Kesho yake nikaweka muziki wa kutisha na maandishi juu: "Ukilala Kisii, funga dirisha." Ikavuma kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Nyinyi wenyewe mlicheka. Kila mtu Nairobi ana kichekesho kimoja cha Wakisii na uchawi, na mimi nilikuwa Mkisii anayewauzia vya nyumbani. Uso wake hauonekani vizuri, nikajiambia. Nilisahau kwamba kijijini hawahitaji uso. Koti wanalijua.

Kwa wale hawatoki kwetu, labda hamuoni tatizo liko wapi. Sisi tulikua tukiambiwa kwamba omorogi, yaani mchawi, hutembea usiku na moto unaowaka na kufifia. Ukiona mwanga unacheza kwenye mteremko ng'ambo ya mto, ingia nyumbani. Mimi mwenyewe nimewahi kukimbia hivyo nikiwa na miaka tisa hadi nikapoteza kiatu. Kwa hivyo mama mzee, migomba, usiku, koroboi: mimi niliona kichekesho, kule walisoma kitu kingine kabisa.

Na wanaosoma hivyo huwa hawaishii kusoma. Mei 2008, huko Kisii, watu 11 walichomwa hadi kufa, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wazee sana, na nyumba nyingi zikateketezwa. Iliripotiwa kwamba watu walisema wamepata daftari kwenye shule ya msingi, ati lina kumbukumbu za mkutano wa wachawi na majina ya watakaorogwa. Hebu fikiria. Wachawi wanaandika kumbukumbu za mkutano kama chama cha akina mama, halafu wanaliacha daftari shuleni. Kwa wenye viberiti hilo lilitosha. Oktoba 2021 ikawa Marani, wanawake 4. Waliambiwa wamemroga mvulana wa sekondari. Nilikuwa na simu wakati huo, niliona picha kabla gazeti halijaandika. Nakumbuka niliposti mshumaa, nikaendelea na maisha.

Sasa wiki hiyo ya ujumbe wa binamu, nilikuwa naandaa video kuhusu Johannes Kepler. Mliosoma fizikia mnamjua: ndiye aligundua kwamba sayari huzunguka jua kwa njia ya duaradufu, si duara kamili. Alichapisha hiyo 1609. Alikuwa mwanahesabu wa mfalme mkuu wa huko Ujerumani, jina kubwa Ulaya. Nilitaka video ya dakika tatu ya sayari zinazunguka, basi. Nikiwa katikati ya kusoma nikapata kwamba mamake alishtakiwa kwa uchawi. Nilifunga laptopu. Nikaifungua tena saa sita usiku.

Mama anaitwa Katharina. Mwaka 1615 alikuwa na karibu miaka 68, anaishi peke yake katika mji mdogo unaoitwa Leonberg, kusini mwa Ujerumani. Mumewe aliondoka zamani na hakurudi. Hajui kusoma. Anajua majani ya dawa, anapenda kuingia nyumba za watu bila kubisha, na mdomo wake hauna breki. Kwa kifupi, kila kijiji cha Gusii kinaye.

Jirani yake, Ursula Reinbold, mke wa fundi wa vioo, akasema Katharina alimpa kinywaji kichungu kwenye kikombe cha bati na tangu hapo mwili hauna amani. Ukichimba unapata kwamba kulikuwa na ugomvi wa pesa kati ya familia hizo mbili kabla ya hicho kikombe. Lakini neno likishatoka, kila mtu anaanza kukumbuka. Msichana mmoja akakumbuka mkono wake ulianza kuuma Katharina alipompita njiani. Mwalimu akakumbuka alianza kuchechemea baada ya kunywa divai kwake. Mifugo nayo ikakumbukwa. Na mama mwenyewe hakusaidia. Alikuwa amewahi kumwomba mchimba kaburi fuvu la babake mzazi, ili atengenezewe kikombe cha kumpa mwanawe. Halafu kesi ilipoanza akajaribu kumhonga hakimu kwa kikombe cha fedha. Jameni, magokoro.

Agosti 1620 walikuja kumkamata usiku nyumbani kwa bintiye, wakambeba ndani ya sanduku. Akafungwa minyororo zaidi ya mwaka mmoja.

Kepler wakati huo aliishi Linz, Austria, na shida zake zilikuwa za kutosha. Vita vilikuwa vimeanza. Kanisa lake mwenyewe la Kilutheri lilikuwa limemnyima Meza ya Bwana kwa sababu alikataa kusaini kila kipengele cha imani yao. Angeweza kutuma pesa na kusema pole kwenye grupu. Aliacha kazi, akahamisha familia, akaenda kusimama na mamake. Karani wa mahakama aliandika kwamba mshtakiwa amefika, kwa bahati mbaya, akiwa na mwanawe, mwanahesabu. Hiyo "kwa bahati mbaya" iliandikwa kweli. Walijua kazi itakuwa ngumu.

Na hapa ndipo nilipokuwa nimekosea katika ile video niliyokuwa naandaa. Nilitarajia Kepler atasimama aseme: uchawi haupo, tazameni darubini, sayansi imefika. Hakusema hivyo. Kepler, kama karibu kila mtu wa wakati wake, hakukataa kwamba wachawi wapo. Alichofanya ni kazi ya kuchosha. Alichukua shtaka moja baada ya jingine na kuuliza: hili lilianza lini hasa? Nani aliona? Kuna sababu gani nyingine? Yule msichana, mkono ulimuuma kwa kuwa alikuwa akibeba matofali mengi kuliko nguvu zake. Yule mwalimu aliumia akiruka mtaro na mzigo mzito. Ursula alikuwa mgonjwa kabla ya kikombe, na alikuwa akimeza dawa za mambo mengine. Utetezi wote ulipita kurasa 100. Macho yaleyale yaliyokataa kukubali duara kwa sababu hesabu za sayari ya Mirihi hazikulingana, ndiyo yaliyokataa kikombe.

Septemba 1621 mama alionyeshwa vyombo vya mateso, akatishwa navyo, akakataa kukiri. Wakamwachilia. Alikufa Aprili mwaka uliofuata, mzee aliyechoka, lakini alikufa kitandani.

Nimekaa na hii stori siku kadhaa kwa sababu tumefundishwa vibaya. Tunafikiri Ulaya iliota sayansi kisha moto ukazima wenyewe. Angalia miaka. Kuanzia karibu 1450 hadi 1750, watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa huko kwa kosa la uchawi, takriban robo tatu wakiwa wanawake. Miaka mibaya zaidi iko hapohapo kwenye miaka ya akina Kepler na Galileo. Dini nayo ilikuwa imebadilika: Waprotestanti walikuwa wametoka kwa Wakatoliki, Biblia imetafsiriwa, watu wanajisomea wenyewe. Wakajisomea Kutoka 22:18 pia, na pande zote mbili zikachoma. Hata baadaye Joseph Glanvill, mwanachama wa Royal Society ya London, chama kile cha wanasayansi wakubwa, aliandika kitabu kuthibitisha kwamba wachawi wapo. Kwa hivyo vitabu peke yake havikutosha. Ilichukua watu wachache wakaidi. Daktari Johann Weyer, 1563, aliandika kwamba wengi wa hao bibi wazee ni wagonjwa wa akili wanaohitaji tiba. Kasisi Mjesuiti Friedrich Spee, 1631, aliandika kwamba ukimtesa mtu vya kutosha atakiri chochote. Mahakimu pole pole wakaanza kukataa ushahidi wa "nilimwona kwenye ndoto". Uingereza ilifuta kosa lenyewe 1735, na kuanzia hapo aliyeadhibiwa ni anayejidai ana uchawi.

Sheria yetu Kenya ya 1925 ni mjukuu wa hiyo. Bado iko. Na ina kifungu ambacho watu wa grupu za WhatsApp hawajawahi kukiona: kumwita mtu mchawi hadharani, huku hujaenda kwa chifu wala polisi, ni kosa. Kwa hiyo ule ujumbe wa dakika nne wa binamu yangu ulikuwa na jinai ndani yake. Na klipu yangu je? Sijamuuliza wakili. Naogopa jibu.

Nikaandika kwenye grupu. Nilianza vibaya, nikaleta Kepler. Anko mmoja akajibu baada ya dakika moja: hayo ni mambo ya Wazungu, wewe kijana wa Nairobi hujui ya huku.

Nilikasirika, halafu nikakumbuka kitu ambacho magokoro mwenyewe alinisimulia. Abagusii tulikuwa na omobari, mpasuaji wa vichwa. Hii si hadithi tu, madaktari wamekuja wakaandika kuihusu karne iliyopita. Mtu amepigwa rungu, kichwa kinauma miezi, haponi. Omobari anapasua ngozi, anatafuta mahali mfupa umepasuka, anaukwangua kidogo kidogo, anatoa vipande, anafunika. Na wengi walipona. Magokoro alisema alimjua mzee aliyefanyiwa, alikuwa na bonde kichwani ungeweza kuweka yai. Sasa niambie, yule omobari alikuwa Mzungu? Kichwa kikiuma aliuliza kilipigwa wapi, akatafuta ufa. Pembeni yake alikuwepo omoragori, mpiga ramli, anayeuliza nani amekuroga. Wote wawili ni wetu. Maswali yote mawili ni yetu. Wazee wetu walikuwa wanachagua waende mlango gani, na sisi wenye bando la intaneti tumechagua ule wa ramli.

Hiyo niliiandika pia. Anko hakujibu. Dada yangu akaweka kidole gumba.

Kisha nikafanya ile kazi ya kuchosha. Nilipiga simu kutwa nzima ya Jumapili. Daktari wa mifugo aliyemwona ndama alisema ni ndigana kali, ugonjwa wa kupe, na baba mdogo alikuwa ameambiwa anyunyizie dawa tangu mwezi uliotangulia. Mtoto wa jirani alipimwa kituo cha afya akapatikana na malaria, homa ikapanda, ndio degedege. Yuko nyumbani, anacheza. Mamake ndiye aliniambia, na alishangaa kusikia kwamba mwanawe anatumiwa hivi. Moto ni koroboi, na koroboi ni kwa sababu tochi niliyomnunulia ilikufa betri na hakuna aliyebadilisha. Choo kiko nyuma ya migomba. Anaenda, anasahau njia ya kurudi, anazunguka. Anaongea na marehemu mjomba wangu, mwanawe wa kwanza, aliyefariki kitambo. Mara mbili mwaka huu ameniita kwa jina lake kwenye simu, na mimi nikacheka nikasema "magokoro, ni mimi". Sikuwaza zaidi. Shangazi yangu ambaye ni muuguzi ndiye alisema wazi: hiyo inaonekana kama ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, apelekwe akaangaliwe.

Na shamba. Kila mtu kwetu anajua hesabu ya mashamba ilivyo. Watu ni wengi, vipande vinagawanywa hadi vinakuwa kama leso. Kipande cha magokoro kiko kando ya barabara iliyowekwa lami juzi. Unaweza kujenga maduka manne hapo. Sijasema kitu. Nimeweka tu hilo jambo karibu na yale mengine, jinsi ule ugomvi wa pesa ulivyokuwa umelala chini ya kikombe cha Ursula.

Niliandika yote haya, moja, mbili, tatu, na majina ya niliowapigia, nikatuma. Sikuandika kwamba uchawi haupo. Kusema kweli nikiwa kule usiku, umeme umepotea na mbwa wanalia, sina uhakika wa chochote. Niliuliza tu: kati ya haya, ni lipi limebaki?

Grupu ikanyamaza siku mbili. Binamu akafuta ule ujumbe wa sauti. Hakuomba msamaha. Mama alinipigia akilia, halafu akaniuliza swali moja ambalo halikuwa kwenye orodha yangu: "Na ile video uliitoa lini?"

Nilikuwa sijaitoa. Wasee, nilikuwa nimekaa siku tatu nikiandika utetezi, na klipu bado ilikuwa juu inahesabu watazamaji. Niliitoa hapohapo nikiwa bado kwenye simu naye. Lakini mnajua mtandao. Watu walishaipakua, imekatwa, imewekwa sauti nyingine, kuna akaunti tatu nimeziandikia na ni moja tu imekubali kuifuta.

Alhamisi usiku napanda matatu. Nitashuka Keroka asubuhi, nichukue Probox mpaka kwetu. Shangazi amepata miadi ya daktari Ijumaa. Nimenunua betri, na taa ya sola ya kuweka njia ya chooni. Baba mdogo amesema tukutane, na mzee wa kijiji awepo, na mimi nitarudia yale yote mbele yao, bila simu. Ninaogopa, sitawadanganya. Wengine watakaokaa pale ni vijana wa rika langu tuliocheza nao mpira.

Jana usiku nilimpigia. Akauliza kama nimekula. Akaniita kwa jina la mjomba. Nikaitika.

Kama wewe ni mmoja wa waliopakua ile klipu, ya mama mzee mwenye koti la kijani kwenye migomba, ifute. Na ukiiona mahali, usiweke komenti hata ya kuikemea, maana inaisukuma juu. Nitumie linki tu.